Haya Si Mandazi

Nyumba zangu mbili za Mikindani zimejengwa kwa unga wa ngano. Sikurithi, sikuolewa na tajiri, na serikali haikunipa kitu, si ile ya Mwingereza wala hii yetu. Nasema mapema ili anayesoma asitafute mwanamume nyuma ya habari hizi. Mwanamume alikuwapo, akanipa talaka, nikarudi kwa mamangu Jomvu Kuu na sanduku moja la bati na karai. Karai lilikuwa langu, na nililibeba mbele ya macho yake.

Chuoni nilisoma juzuu chache nikatolewa kuja kusaidia jikoni. Herufi hizi za Kizungu nimejifunza nywele zishaingia mvi. Kwa hivyo anayetaka maneno yaliyopigwa pasi atafute kwingine. Mimi nataka kueleza jambo moja nilijualo kushinda wengi waliosoma: jinsi jina la biashara linavyopatikana, na jinsi nilivyokaribia kulipoteza langu.

Jomvu Kuu huwezi kuuza mahamri. Kila nyumba ina mpishi, na kila mpishi yuwajua kasoro ya mwenzake. Nikatazama nikaona watu wenye njaa wako Changamwe. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, viwanda vilikuwa vikiota, relwe na bandari zinachukua watu, na kila gari la moshi kutoka bara lilishusha wanaume wasio na wake wa kuwapikia. Nikapanga chumba kwenye njia ya kuteremkia Chaani. Asubuhi ya kwanza nilitandika mkeka kando ya barabara, nikaweka beseni langu, nikalifunika kwa kitambaa cheupe, nikakaa na buibui langu. Mama aliposikia alilia. Alisema katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kukaa barabarani. Nikamwambia katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kulipa kodi ya chumba.

Mteja wa kwanza alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimojawapo, mtu wa bara, mrefu, kaptula imenyooka, penseli sikioni. Alikuwa na wenzake wanne. Akasimama mbele yangu.

"Mama, nipe mandazi mbili."

"Sina mandazi."

Akainama akainua ncha ya kitambaa kwa kidole. "Na hii ni nini?"

"Ondoa kidole. Haya ni mahamri."

"Si ni kitu moja tu, mama."

"Kama ni kitu kimoja wayatakia nini hapa? Mandazi yamejaa tele pale mkahawani. Nenda."

Nikafunika. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika goti. "Umefukuzwa na chakula, bwana! Hata chakula cha pwani hakikutaki!" Wakaenda zao kazini na pesa zao mfukoni, nami nikabaki na beseni limejaa. Msidhani nilikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimekuna nazi tangu alfajiri, vidole vinaniwasha, halafu mtu aniitie kazi yangu kwa jina la kitu kingine.

Maana tofauti ipo, na asiyeijua ni kwa sababu hajalelewa nayo. Mandazi ya mkahawani yalikuwa unga, maji, sukari na poda ya kuumulia. Dakika chache yako mafutani. Mahamri ni tui zito la kwanza, lile la kukamua kwa nguvu kabla hujatia maji mengi. Ni iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo. Ni hamira, na saa za kusubiri unga uumuke wenyewe. Ukiyakata pembe nne ukayatia karaini, yanafura yanakuwa matupu ndani, unatia mbaazi. Ukifungua mandazi ya mkahawani unakuta mkate.

Kesho yake yule karani akarudi, peke yake.

"Habari ya asubuhi, mama. Nipe ile si mandazi."

"Mangapi?"

"Mbili."

"Mawili."

"Mawili," akasema kama mtoto wa chuo mbele ya bakora.

Akala kasimama. Akamaliza, akajifuta vidole. "Iko tofauti," akasema. Hapo sikumsahihisha. Mtu akisema kweli usimsumbue na ufasaha.

Baada ya wiki nilikuwa na jina. Si jina nililopewa na baba. Watu wa kiwandani walikuwa wakiulizana, "Umekunywa chai?" "Ngoja nipitie kwa Si Mandazi." Wengine walikuja makusudi wakaniomba mandazi, wapate kutukanwa. Walileta wageni wao waliotoka bara jana, wakawafundisha, "Mwambie mama yule akupe mandazi," wakajificha nyuma ya ukuta wakisubiri. Nami nilijua wako nyuma ya ukuta. Nikafahamu hasira yangu imegeuka kuwa biashara. Ziko siku nilizoamka na moyo mweupe kabisa, nikajilazimisha kununa kwa sababu watu wametoka mbali.

Lakini matusi hayamrudishi mtu mara ya pili. Kinachomrudisha ni kwamba hamri la leo liwe ndugu wa la jana. Nilikuwa na sheria zangu na sikumwambia mtu. Tui sipunguzi hata nazi zikiwa ghali. Bora nipike machache. Kitambaa hufuliwa kila siku. Na kitu cha jana hakilali nyumbani kwangu, si hamri wala unga. Wapishi wengi huacha donge la unga uliokwisha kuumuka, wakalitia katika unga wa kesho uumuke upesi. Mimi sikutaka, maana donge likizeeka lina ukali wake na ulimi huujua. Sheria hii nawaomba muishike, kwa sababu ndiyo iliyonitia taabuni.

Unga na sukari nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja pale Changamwe, mtu wa ukoo mkubwa wa zamani, kanzu yake haijapata kuwa na doa. Miezi alikuwa akinipimia bila kunitazama. Kisha mkewe akayaonja mahamri yangu, sijui kwa mkono wa nani. Siku moja yule mzee akaniita.

"Abee, mzee."

"Kwani wewe wakaa juani kwa nini?"

"Kivuli kina wenyewe, mzee."

"Njoo ukae barazani kwangu. Lakini sikiza. Ukikaa pale watu hawatasema ni mahamri ya fulani. Watasema ni mahamri ya barazani kwa fulani. Jina lako na langu yatakuwa katika sahani moja. Wafahamu?"

"Nafahamu."

"Basi usinitilie mchanga."

Sijui kama msomaji wa leo anafahamu baraza ile ilikuwa nini kwangu. Mwanamke aliyeachwa, anayeuza barabarani, wanawake wa heshima hawamtumi mtu kwake. Nilipokaa katika kivuli cha duka lile nikawa mtu mwingine. Nyumba za Waislamu wa Changamwe zikaanza kuagiza, kisha Jomvu, kisha Mikindani. Khitma, harusi, futari ya mwezi mtukufu. Mama mwenyewe alikuja siku moja akaketi kando yangu, akawa awaambia wapitao, "Huyu ni mwanangu." Wabara wangu nao hawakuniacha. Asubuhi walijipanga, makarani na makuli, na yule mzee wa duka alikuwa akitoka kuwatazama mikono nyuma, kama kwamba yeye ndiye aliyekanda.

Mwaka wa pili wa baraza akaniagiza mahamri ya maulidi. Maulidi yake yalikuwa makubwa, ya alasiri, nyumbani kwake, na masharifu huja kutoka mbali. Mahamri mia tatu. Nilinunua nazi siku ya kuamkia, nikapepeta unga, nikapanga kila kitu, alfajiri nikafungua mkebe wa hamira. Ulikuwa wa mwisho. Nikatia katika maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, kama desturi, nikangoja itoe povu. Haikutoa. Nikangoja tena. Maji yalikaa kimya kama maji ya kisima. Hamira ilikuwa imeingia unyevu ikafa.

Nikajitia buibui nikazunguka. Wiki ile mizigo ilikuwa imekwama bandarini, makuli wana mzozo na wakubwa wao, na maduka yalikuwa na pengo mahali pa hamira. La kwanza hakuna, la pili hakuna. Kwa mzee mwenyewe sikuuliza. Ningeuliza angejua siku ya maulidi yake nina unga usio na hamira. Donge la jana sikuwa nalo, kwa sheria yangu mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikasimama ukumbini, jua lishaanza kupanda.

Jirani yangu alikuwa Mgiriama, mumewe mgema. Wakati uleule mume akaingia na chupa zake ametoka minazini, tembo la asubuhi. Nikakumbuka nyanya yangu Jomvu. Nyanya alikuwa akiswali vipindi vyote vitano, na mahamri yake aliyaumua kwa tembo tamu, lile linaloshuka mnazini halijapata kukaa. Wanawake wa zamani wengi walifanya hivyo. Mikebe ya hamira imekuja juzi. Hakuna aliyelewa na hakuna aliyeuliza.

Nikapiga hodi.

"Shoga, nigawie chupa moja."

Yule mwanamke akanitazama juu chini. "Wewe? Tembo? Leo dunia imegeuka!"

"La unga, si la kunywa."

"Aaa. Kama nyanya zetu."

"Ehe, kama nyanya zetu."

Akanipa, na pesa akakataa. Sikumwambia anyamaze. Nililifikiria neno hilo likafika ulimini, nikalimeza. Kumwambia anyamaze kungekuwa kukiri kwamba nafanya jambo la kufichwa, nami nilikuwa nikijiambia silifichi.

Nikakanda. Adhuhuri nilipofunua sinia, unga ulikuwa umesimama kama tumbo la mwezi wa tisa. Miaka yote ile sijapata kuona unga namna ile. Yalipoingia karaini yalifura upande mmoja, yakajigeuza yenyewe. Yalikuwa mepesi, ukiliweka kiganjani husikii uzito. Alasiri yakaingia katika masinia kwa yule mzee, na mimi nikakaa uani kwa wanawake nikisikiliza kasida, na nikawaona masharifu kwa upenyo wa mlango wakichukua la pili, na la tatu. Mmoja, mtu mzima sana, aliomba afungiwe katika karatasi apeleke kwao.

Baada ya fatiha mzee akaja mpaka mlango wa uani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Binti yangu, leo umetia nini?"

"Mkono wangu tu, mzee."

Akacheka, akasema Mungu aubariki mkono huo. Nikaitikia amina.

Hapo ndipo nilipokosea. Watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanadhani kosa ni chupa. Mimi ndiye niliyekuwapo, na nasema kosa ni neno hilo.

Siku nane zikapita. Jirani yangu alikwenda bombani na debe lake, na pale bombani wanawake wakawa wamtania kwa kazi ya mumewe, kwamba nyumba yake inanuka tembo, kwamba hata kuku wake wanatembea upande. Ni maneno ya kila siku. Lakini siku ile alichoka nayo. Akasimama, mikono kiunoni.

"Nyinyi mwalidharau tembo la mume wangu? Waulizeni masharifu walivyojilamba vidole siku ya maulidi! Mahamri yale yote, mia tatu, tembo la nani lililoyaumua? La mume wangu! Hata mimi sijui kama kuna mgema mwingine Changamwe hii tembo lake limeingia kwenye maulidi!"

Niliambiwa bomba liliachwa likimwagika.

Asubuhi ya pili nilikaa barazani na beseni limejaa. Watu wa nyumba za Waislamu hawakuja hata mmoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichukua kumi kila siku alipita upande wa pili wa barabara amejifunika mpaka machoni, kana kwamba simjui kwa mwendo. Mwingine alimtuma mtu kurudisha sahani yangu, safi, tupu, imepinduliwa. Kisha akaja karani wangu wa stoo, furaha tele.

"Mama, shikamoo. Nipe mahamri manne." Kiswahili chake kilikuwa kishanyooka. "Manne, yale ya kulewesha."

"Nani kakwambia?"

"Mama, hii habari iko mpaka kwa lango la kiwanda. Sisi tunasema, kama ni kweli, tutaongeza oda. Hata mzungu wetu ameuliza."

Wenzake wakaangua kicheko. Sikucheka. Nyuma yangu nilisikia mlango wa duka unafungwa, na ilikuwa saa moja ya asubuhi.

Jirani alikuja adhuhuri, macho yamevimba.

"Shoga, sikukusudia. Nilijisifu tu. Mtu akijisifu kwa kazi ya mumewe ni dhambi?"

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu asubuhi, makali, nimeyapanga kama visu. Hayakutoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijisifu kila asubuhi ya Mungu, miaka miwili, mbele ya watu, na ndicho kilichonilisha. Yeye kajisifu mara moja, bombani.

"Nenda kapike," nikamwambia. "Watoto wako wana njaa."

Alasiri nikaitwa dukani. Mzee alikuwa ameketi na mwalimu wa chuo, kizee cha macho hafifu kilichokuwa kimenifundisha hata mimi nilipokuwa mdogo Jomvu. Nikasimama. Sikupewa kiti.

Mzee alinena polepole. "Sikuiti kukugombeza. Watu wamesema, na watu husema. Mimi nalitaka jibu moja tu. Sema hukutia. Ukisema hukutia, nitamwambia kila mtu mimi mwenyewe, msikitini na dukani, na kesho wakaa barazani kama jana. Yule mwanamke ni mke wa mgema. Nani atamsadiki?"

Nikamfahamu. Hakuwa akiuliza. Alikuwa akinipa jibu mkononi, nilipokee tu. Yeye pia jina lake lilikuwa katika sahani ile, na wageni wake walikuwa wamekula. Neno moja, na baraza yangu ipo, harusi zipo, mama yupo kando yangu akiwaambia wapitao mimi ni mwanawe. Na jirani yangu angekuwa mwongo Changamwe nzima, mwongo wa kuzulia maulidi. Na mumewe nani angenunua kwake tena?

Nasema kweli, nilikuwa karibu kulisema. Lilikuwa jepesi. Kilichonizuia si uchaji. Mimi si mtu wa uchaji kushinda wengine. Ni kwamba miaka miwili nilikuwa nikiwafukuza watu wenye njaa kwa kukiita kitu kwa jina lisilo lake. Sikuweza kuliita tembo maji.

"Nilitia," nikasema.

Mzee akafumba macho.

"Lilikuwa la lini?" mwalimu akauliza.

"La asubuhi ileile, maalim. Lilikuwa tamu, halijachachuka. Nyanya yangu alikuwa akitumia hilo."

"Tamu!" mzee akajipiga gotini. "Masharifu wamekula, yeye yuwasema tamu!"

Mwalimu akainua mkono. "Tamu na kali ni masala ya vitabuni, na vitabu havikuitwa hapa. Lako ni jingine, mwanangu. Huyu alikuuliza umetia nini, ukamjibu mkono. Umewalisha watu wasichokijua. Nyanya yako hakumficha mtu. Kila mtu Jomvu alijua lililomo."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

"Kesho nisikuone barazani," mzee akasema.

Nikatandika mkeka wangu upande wa pili wa barabara, juani, nikilitazama duka. Ningeweza kwenda mbali, Kisauni au Likoni, ambako hakuna anijuaye. Nilifikiria hivyo usiku mmoja tu. Jina lilikuwa limeharibikia pale, na litengenezwe palepale.

Wabara hawakuniacha, na bila wao ningekufa njaa, nalisema hilo waziwazi kwa sababu wako watu wa pwani wapendao kusema wabara hawana shukrani. Lakini kila mmoja alikuwa na mzaha wake, na kila mzaha ulikuwa mmoja. "Leo umetia nini, mama?" Asubuhi, mchana, mbele, nyuma. "Leo umetia nini?" Mwezi mzima. Siku moja nikachoka. Nikarudi chumbani nikabeba kila kitu: mbuzi ya kukunia, nazi, kifumbu cha kukamulia tui, sinia, unga, iliki, mkebe wa hamira haujafunguliwa. Nikaviweka juu ya mkeka kando ya barabara, alasiri, watu wakitoka kazini.

"Wataka kujua natia nini?" nikasema. "Haya, simama utazame. Huna haraka, si umeuliza mwezi mzima?"

Nikavunja nazi mbele yao. Nikakuna, nikakamua. Nikatoboa mkebe wa hamira nikaupitisha puani kwa kila aliyesimama. "Nusa. Nusa na wewe. Wewe uliyekuwa ukicheka, njoo unuse." Nikakanda mpaka mikono ikauma, nikafunika sinia, nikabeba nikaenda nyumbani, na yalipoumuka nikayakaanga nikayauza jioni ileile. Kesho yake alasiri nikafanya vilevile, na kesho kutwa. Mvua ikinyesha nilikanda chini ya turubai. Watu wakazoea kusimama. Wanawake waliokuja kutazama tu waliniuliza iliki natia ngapi, na niliwaambia. Hakuna siri. Siri ni kuamka.

Aliyeanza kurudi upande wa Waislamu alikuwa bibi mmoja wa Jomvu, mzee kupita mama, akitembelea mkongojo. Akanunua mahamri sita, akayahesabu kwa sauti ili wapitao wasikie.

"Nimekula ya tembo tangu nina meno," akasema, "na sasa sina. Hawa wajifanya hawakuwa na nyanya."

Baada yake wakaja wawili, kisha wanne. Ilichukua zaidi ya mwaka. Jina huvunjika kwa siku moja, lakini halirudi kwa siku moja. Jirani yangu naye alitulia. Siku moja nilimsikia bombani akiwaambia wenzake kwa maringo kwamba yeye ndiye jirani wa Si Mandazi, na wakitaka nafasi ya kuagiza wapitie kwake. Sikumkataza.

Mwezi ule wa uhuru Changamwe ilijaa bendera na vumbi, na kila mtu alitaka kulisha mtu. Nilikanda masinia matatu kila alasiri na bado yalikwisha. Katika siku hizo, watu wamesimama kunizunguka, wakaachana wakampa njia mtu. Alikuwa yule mzee wa duka, kanzu nyeupe, na fimbo sasa. Miaka yote ile alikuwa akipita kwenda msikitini bila kunigeuzia uso, nami sikumwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mtu akampisha kwenye kasha la mbao akaketi. Akatazama tangu nazi ya kwanza. Nilikuwa nikijua yupo, mikono yangu ikijua pia. Nilipofungua mkebe nikampelekea, akainama akanusa kwa makini kama anayenusa uturi.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Akangoja mpaka nilipofunika sinia la mwisho na watu wakapungua.

"Baraza iko tupu," akasema.

"Naiona."

"Waweza kurudi. Nimekwisha kusema."

"Mungu akuweke, mzee. Nilipokuwa barazani kwako nilikandia chumbani. Hapa nakanda watu wakiniona. Sirudi."

Nilidhani atakasirika. Alipigapiga ncha ya fimbo katika mchanga. Kisha akatazama upande wa duka lake, kama kwamba anasema na duka.

"Yale ya maulidi."

"Abee?"

"Wallahi sijala tena mahamri kama yale."

"Wala hutayala, mzee."

Mabega yake yakatikisika kidogo kwa kicheko. Akainuka, akakung'uta kanzu, akaagiza hamsini ya Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa imeshajaa, naweza kumpa thelathini. Akasimama akinitazama, mtu aliyezoea kupewa alichoomba.

"Basi thelathini," akasema, na akaja kuyachukua mwenyewe.